Jibu chanya lililolala kwenye faili: kisa cha uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana katika kliniki ya jamii

Jina la kliniki, mahali ilipo na maelezo yote yanayoweza kumtambulisha mgonjwa au mhudumu yameondolewa. Mwandishi alikuwa miongoni mwa watu waliosimamia mabadiliko yanayoelezwa hapa, na baadhi ya makosa yanayochambuliwa alishiriki kuyafanya.

Usuli

Kliniki hii ni kituo cha afya ya msingi kinachohudumia watu wa kipato cha chini, wengi wao wakiwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wanaofika kila baada ya mwezi mmoja au miwili kuchukua dawa. Ina daktari mmoja, matabibu wawili, wauguzi wanne, fundi wa maabara na karani wa mapokezi. Haina kifaa cha kolonoskopia, yaani kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa ili kuuona utumbo mpana wote kwa ndani. Anayehitaji kipimo hicho hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na foleni ya huko ni ndefu.

Saratani ya utumbo mpana na rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo, ni ya tatu duniani kwa idadi ya wagonjwa wapya na ya pili kwa kuua. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 waligundulika nayo na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ajili yake. Uchungu wa takwimu hizo ni kwamba ugonjwa huu hutoa muda wa kuuwahi. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kikakaa miaka mingi, kwa kawaida karibu kumi au zaidi, kabla hakijageuka saratani, na kikionekana mapema hukatwa kwa kamera ileile na habari yake ikaishia hapo. Jopo la kitaifa la Marekani linalotoa mapendekezo ya kinga lilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, na kliniki yetu ikaamua kufuata umri huo, kuanzia 45 hadi 75, kwa watu wasio na dalili.

Neno “wasio na dalili” lina uzito wake. Mtu anayetoka damu katika haja kubwa, aliyepungukiwa damu bila sababu inayojulikana, aliyekonda bila kutaka au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa si wa kufanyiwa uchunguzi wa awali. Huyo ni mgonjwa anayetafutiwa ugonjwa, na njia yake ni rufaa ya moja kwa moja. Kuchanganya makundi haya mawili kuna madhara.

Hali tuliyoikuta

Kabla ya mabadiliko, uchunguzi ulitegemea kumbukumbu ya daktari. Akikumbuka, alimwandikia mgonjwa rufaa ya kolonoskopia; akiwa na wagonjwa arobaini nje ya mlango, hakukumbuka. Tulipopitia mafaili ya watu wa umri uliolengwa, tulikuta wengi wameandikwa “amechunguzwa”, jambo lililotupa faraja kwa siku moja tu. Tulipofungua faili mojamoja tuligundua kwamba neno hilo lilikuwa na maana tatu. Wachache walikuwa na ripoti halisi ya kolonoskopia. Wengine walikuwa wameandikiwa barua ya rufaa, na hapakuwa na ushahidi kwamba walikwenda. Kundi la tatu ni la watu ambao daktari, wakati wa kuwapima kwa kidole, alichukua choo kidogo kilichobaki kwenye glavu na kukitia kwenye karatasi ya kupima damu.

Mazoea hayo ya glavu yanaonekana ya busara kwa sababu yanamwondolea mgonjwa usumbufu, lakini kama uchunguzi hayafai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha sampuli moja ya kidole na sampuli sita zilizochukuliwa nyumbani kwa watu walewale: ile ya kidole iligundua asilimia 4.9 tu ya waliokuwa na mabadiliko ya hatua ya juu kwenye utumbo, yaani saratani au vinyama vinavyokaribia kuwa saratani, na zile za nyumbani zikagundua asilimia 23.9. Mtu aliyeambiwa “uko salama” kwa njia hiyo amepewa utulivu usio na msingi.

Uamuzi wetu wa kwanza, kwa hiyo, ulikuwa kufuta. Tuliwaondoa kwenye hesabu wote waliokuwa na barua tu na wote waliopimwa kwa glavu. Kiwango chetu cha uchunguzi kikaporomoka kwenye taarifa ya robo mwaka, na msimamizi aliyelazimika kuieleza taarifa hiyo kwa wakubwa wake hakufurahi. Nadhani huo ndio uamuzi bora tulioufanya katika mwaka mzima. Kama tungeanza kazi juu ya hesabu ile ya zamani, watu waliohitaji kipimo zaidi ya wote wangebaki wamefichwa nyuma ya alama ya tiki.

Hatua ya kwanza: kubadili kipimo na anayekitoa

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kumwelekeza kila mtu kwenye kolonoskopia, ambayo ikiwa safi hutosha kwa miaka 10. Ya pili ni kipimo cha choo kinachofanyiwa nyumbani, kile kinachotafuta protini ya damu ya binadamu kwenye choo kikubwa na kinachojulikana kwa kifupi kama FIT. Hakihitaji mtu kuacha chakula wala dawa, huchukua sampuli moja kwa kijiti, lakini lazima kirudiwe kila mwaka.

Tulichagua kuanza na kipimo cha choo, na kolonoskopia ibaki chaguo la anayeitaka. Sababu ya kwanza ilikuwa foleni ya hospitali. Sababu ya pili ilikuwa utafiti uliofanyika San Francisco na kuchapishwa mwaka 2012, ambapo watu waliopewa kolonoskopia peke yake walikamilisha kwa asilimia 38, waliopewa kipimo cha choo kwa asilimia 67, na walioachiwa wachague kwa asilimia 69. Kipimo bora ambacho mtu hakifanyi hakimsaidii kitu.

Kisha tukaandika mwongozo wa ndani uliomruhusu muuguzi kutoa kichupa cha sampuli bila kusubiri daktari aandike. Karani wa mapokezi alitoa kila asubuhi orodha ya walengwa waliotarajiwa siku hiyo, na muuguzi aliyepima shinikizo la damu ndiye aliyewapa vichupa. Ndani ya mwezi mmoja vichupa vilivyotoka vilikuwa vingi kuliko vya mwaka mzima uliotangulia, nasi tukapongezana.

Vichupa havikurudi. Waliorudisha walikuwa wachache kuliko wasiorudisha, na kati ya vilivyorudi kulikuwa na vilivyokataliwa na maabara kwa sababu ambayo hatukuitarajia kabisa: havikuwa na tarehe ya kuchukuliwa kwa sampuli. Damu iliyomo kwenye choo huharibika kadiri siku zinavyopita, hasa kwenye joto, na maabara isiyojua sampuli ina siku ngapi haiwezi kuliamini jibu la “hakuna damu”. Mtu alikuwa ameshinda aibu yake, ameichukua sampuli, ameileta, na kazi yake yote ikatupwa kwa kukosa tarakimu chache kwenye lebo.

Hatua ya pili: kuuliza kwa nini

Muuguzi mmoja alipewa saa mbili kila alasiri kwa wiki mbili awapigie simu wasiorudisha. Hakuwa na dodoso. Aliuliza tu ni nini kilichotokea baada ya mtu kufika nyumbani na kichupa. Majibu aliyoyapata yalitufundisha zaidi ya mikutano yetu yote.

Wapo walioogopa jibu, kama tulivyotarajia. Wapo walioona kwamba kwa kuwa hawaumwi tumbo, kipimo hakiwahusu, maana hakuna aliyewaambia kwamba kipimo hiki ni cha watu wasioumwa. Lakini kundi kubwa lilikwama kwenye mambo ya mikono. Hawakujua jinsi ya kukinga choo kisiguse maji. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na maandishi madogo na mengi, na wasiosoma vizuri waliona haya kumwomba mtoto au mkwe awasomee jambo la aina hiyo. Mama mmoja alieleza kwamba aliambiwa akiweke kichupa kwenye jokofu, na jokofu la nyumba ni moja, lina chakula cha watu saba. Asingeweza kukiweka humo, na asingeweza kulieleza jambo hilo mbele ya muuguzi kijana siku aliyopewa. Mwingine alisema alikileta saa kumi na moja jioni akakuta dirisha la maabara limefungwa, akakirudisha nyumbani na hakukileta tena.

Tulibadili mambo machache. Kila aliyepewa kichupa alionyeshwa kwa kichupa kitupu jinsi kijiti kinavyopitishwa juu ya choo na kurudishwa, naye akarudia mwenyewe mbele ya muuguzi, ndani ya chumba chenye mlango. Aliongezewa karatasi pana ya kukingia na mifuko miwili isiyopenya mwanga, ili kichupa kiweze kukaa kwenye jokofu bila kuonekana na bila kugusa kitu, na tukasisitiza kwamba anayeweza kukileta siku ileile hahitaji jokofu. Lebo ilibandikwa jina tayari, na nafasi ya tarehe ikazungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Karani alifundishwa kuuliza tarehe palepale kichupa kinapopokelewa. Mapokezi yakaanza kupokea sampuli muda wote kliniki inapokuwa wazi, na zikawekwa ndani mara moja badala ya kuachwa kwenye sanduku la mlangoni linalopigwa na jua. Simu ya kukumbusha ilipigwa siku ya saba na siku ya ishirini na moja.

Lugha ilibadilika pia. Wauguzi waliacha kusema “tunatafuta saratani” wakaanza kusema kwamba wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambayo inaweza kutoka kwenye kinyama kinachoweza kukatwa kabla hakijawa saratani. Maneno hayo ni ya kweli kuliko yale ya mwanzo, na hayamtishi mtu.

Hatua ya tatu: jibu chanya

Vichupa vilianza kurudi kwa wingi, na hapo ndipo kosa kubwa la kisa hiki lilipotokea.

Mgonjwa tutakayemwita Bwana K alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mwenye shinikizo la damu lililotulia, asiye na dalili zozote za tumbo. Alirudisha kichupa chake ndani ya siku nne. Jibu likatoka chanya, yaani damu ilionekana kwenye choo. Tabibu aliyelipokea alimwita, akamuuliza kama ana bawasiri, na Bwana K akakubali kwamba alikuwa nayo miaka ya nyuma. Tabibu akaona kwamba huenda damu ilitoka hapo, na kwa nia njema ya kumwepushia foleni na gharama za hospitali akampa kichupa cha pili. Kipimo cha pili kikatoka hasi. Wote wawili wakashukuru, faili likafungwa, na kwenye hesabu za kliniki Bwana K akaingia kama mtu aliyechunguzwa na kukutwa salama.

Miezi 13 baada ya jibu la kwanza alifika akilalamika kuchoka. Damu yake ilikuwa imepungua. Daktari alifungua faili, akaliona lile jibu chanya chini ya lile jibu hasi, akampa rufaa siku hiyohiyo. Kolonoskopia ilionyesha uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana, na baada ya upasuaji ilibainika kwamba saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za limfu za jirani, kwa hiyo alihitaji pia tibakemikali.

Daktari alimweleza Bwana K kilichotokea bila kuficha: kwamba jibu lake la kwanza lilipaswa kumpeleka hospitali, na kwamba kliniki ndiyo iliyokosea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni watu wangapi wengine waliofanyiwa hivyo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku iliyofuata tulianza kulitafuta. Tulipitia majibu yote chanya tangu kipimo kilipoanza kutolewa, tukawagawa waliokwisha fanyiwa kolonoskopia na wasiofanyiwa. Wasiofanyiwa walikuwa zaidi ya nusu. Wengine walikuwa wamerudiwa kipimo kama Bwana K, wengine walipigiwa simu moja isiyopokelewa, wengine walipewa barua ya rufaa na hawakwenda kwa sababu ya fedha, ya usafiri au ya hofu ya dawa ya kusafisha tumbo.

Uamuzi uliofuata ulileta ubishi mkali. Tulisimamisha utoaji wa vichupa kwa wiki sita. Waliopinga walisema kwamba tunawanyima watu wengine nafasi ya kugundulika mapema, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini tangu mwaka 1968, Wilson na Jungner walipoandika kanuni za uchunguzi wa magonjwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, imekuwa wazi kwamba huduma za kuthibitisha na kutibu lazima ziwepo kabla ya kwenda kuwatafuta wagonjwa. Kumwambia mtu kwamba ana damu kwenye choo, kisha kumwacha, ni kumdhuru.

Katika wiki hizo sita tulitengeneza daftari la majibu chanya, likiwa na muuguzi mmoja mwenye jina lake juu ya jalada. Jina la mgonjwa lilifungwa kwa sababu tatu tu: ripoti ya kolonoskopia ipo mkononi, mgonjwa amekataa baada ya kuelezwa ana kwa ana na daktari, au daktari ameandika kwa nini kipimo hicho hakimfai. Barua ya rufaa haikutosha kumfunga. Tuliomba hospitali itutengee nafasi chache kila wiki kwa wagonjwa wa daftari hilo, na baada ya mazungumzo marefu ikakubali. Mgonjwa hakutoka kliniki bila tarehe. Alielezwa jinsi ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo kwa mafungu mawili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo, kwa kuwa utumbo husafika vizuri zaidi hivyo, na aliambiwa aje na mtu wa kumsindikiza kwa sababu ya dawa ya usingizi. Marufuku ya kurudia kipimo cha choo baada ya jibu chanya ilibandikwa ukutani mwa maabara.

Matokeo

Kufikia mwisho wa mwaka wa pili, waliorudisha vichupa walikuwa wamewazidi wasiorudisha, na sampuli zilizokataliwa kwa kukosa tarehe zilikuwa zimekwisha kabisa. Majina yote yaliyokuwa yamelala yalifuatiliwa hadi mwisho, isipokuwa mawili: mmoja alikataa baada ya kuelezwa, mwingine alihama na hakupatikana. Wengi waliofanyiwa kolonoskopia hawakuwa na saratani, kama inavyotarajiwa, lakini kadhaa walitolewa vinyama palepale. Bwana K alimaliza tiba na anaendelea kufuatiliwa.

Uchambuzi

Kosa la tabibu wetu linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu halikutokana na uzembe. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa na mantiki ya kitabibu ya siku zote: jibu lisilotarajiwa hurudiwa. Kwa kipimo hiki mantiki hiyo haifai. Uvimbe hutoka damu kwa vipindi, leo unatoka na kesho hautoki, kwa hiyo jibu hasi la pili halifuti chanya la kwanza. Bawasiri nayo haimkingi mtu na saratani. Anaweza kuwa navyo vyote viwili. Tulimpa mhudumu kipimo kipya bila kumfundisha kinavyofikiriwa, na lawama ya hilo ni yetu tuliopanga mafunzo ya dakika ishirini yaliyohusu kijiti na lebo pekee.

Kuhusu muda, uchambuzi mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuchelewa kwa miezi michache baada ya jibu chanya hakukuongeza hatari kwa kiasi cha kuonekana, lakini kuchelewa zaidi ya miezi 10 kuliambatana na saratani zaidi na za hatua ya juu zaidi. Hilo halituruhusu kusema kwamba Bwana K angekutwa na ugonjwa mdogo kama angepelekwa mara moja. Linatuambia kwamba alinyimwa nafasi hiyo, nasi tuliiweka tarehe ya mwisho ya daftari kuwa siku 60 ili foleni ikivutana pawepo na muda wa kusukuma.

Chanzo kilicho chini zaidi, kwa maoni yangu, ni namna tulivyohesabu. Taarifa ya kliniki ilimhesabu mtu kuwa amechunguzwa siku jibu lake lilipotoka, liwe hasi au chanya. Kwa kipimo hicho cha mafanikio, Bwana K alikuwa mafanikio. Wahudumu hufanya kile kinachohesabiwa, na kilichohesabiwa kwetu kilikuwa vichupa. Leo taarifa yetu ina mistari miwili inayosomwa pamoja kila mwezi, waliorudisha kipimo na wenye jibu chanya waliofika kwenye kolonoskopia, na msimamizi haruhusiwi kuwasilisha mmoja bila mwingine.

Yapo ambayo hatujayamudu. Njia yetu huwafikia wanaokuja kliniki, na wanaume wa miaka ya arobaini wasio na ugonjwa wa kudumu hawaji. Kuwapelekea vichupa nyumbani kupitia wahudumu wa afya ya jamii kumeanza kwa kundi dogo tu. Zito zaidi ni marudio ya kila mwaka. Kipimo kimoja hugundua takriban saratani tatu katika kila nne, na hukosa sehemu kubwa ya vinyama ambavyo bado havijawa saratani. Nguvu yake yote imo katika kurudiwa. Wilson na Jungner waliandika pia kwamba kuwatafuta wagonjwa ni kazi isiyokoma, si mradi wa mara moja, na sisi tuliipanga kama mradi. Orodha ya asubuhi haikumtambua aliyepimwa mwaka jana kuwa anadaiwa tena, kwa hiyo wengi waliopata jibu hasi mwaka wa kwanza walipita mapokezini mara tano au sita katika mwaka wa pili bila mtu kuwaambia neno. Karani ameirekebisha orodha mwezi uliopita, na muuguzi yuleyule wa simu ameanza kuwapigia, akianza na wale ambao kipimo chao cha mwisho ni cha zamani zaidi.